Niteremshe Majengo: Njia za Mkato za Kuandika Sheria ya inline

Sogea karibu, mwenzangu. Najua kilichokuleta. Mko watu wanne mnaandika programu ya C ya mizani ya kahawa, na kati ya watu hao wanne kuna imani tano juu ya neno moja: `inline`. Mmoja analitia kwenye kila fankisheni kama anayenyunyiza chumvi. Mwingine hataki hata kuliona. Wa tatu anaandika makro tupu na kusema ndivyo wazee walivyofanya. Wa nne ana imani mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Kikao cha mwisho kilivunjika chai ikiwa bado moto, na wewe kwa kuwa ulinyamaza ukabebeshwa kazi ya kuandika mwongozo utakaomaliza ubishi.

Unataka uimalize leo kabla ya giza. Hutaki kusoma kiwango kizima cha lugha ya C. Hutaki kukosana na mtu. Yote matatu yanawezekana, na nitakuonyesha njia za panya ninazopita mwenyewe. Mimi ni mtu wa Majengo, hapa Nyeri mjini, kilomita chache tu kutoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilicho barabara ya Mweiga. Mwaka 2015 mkutano wa kwanza wa Data Science Africa ulifanyika hapa Nyeri, na ndani ya eneo la chuo hicho kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na chipu zenyewe. Kwa hiyo C kwetu si lugha ya mtihani. Ni lugha ya vidude vidogo vyenye nafasi finyu, ambamo neno moja la ovyo hulipiwa papo hapo. Nalipenda jambo hili, na nataka ulifanye vizuri kwa jasho kidogo iwezekanavyo.

Hatua ya 1. Iba

Usianze na ukurasa mtupu. Anayeanza na ukurasa mtupu atajaza maoni yake, na maoni yako, hata yawe mazuri vipi, yana bei ndogo sokoni. Kaibe kwa wakubwa.

Duka la kwanza ni hati ya mtindo wa msimbo ya kerneli ya Linux. Humo mna sura nzima inayoyaita matumizi ya ovyo ya `inline` kwa jina la ugonjwa. Kipimo chao ni hiki: fankisheni yenye zaidi ya mistari 3 usiipe neno hilo. Sababu yao ni ya mahesabu. Kila mahali fankisheni inapoitwa, mwili wake wote unanakiliwa, kwa hiyo kerneli inanenepa, kache ya prosesa inajaa, kumbukumbu inapungua, na siku kipande cha faili kinapokosekana kwenye kumbukumbu ikabidi diski itafute, hapo zinaondoka milisekunde 5 hivi. Katika milisekunde 5 prosesa ingefanya kazi nyingi mno. Wanaacha mlango mmoja tu wazi: pale ambapo thamani inayopitishwa inajulikana wakati wa kukompaili, nawe unajua kwamba kompaila itafuta sehemu kubwa ya fankisheni kwa sababu hiyo.

Duka la pili ni MISRA C ya 2012, kanuni za watu wanaoandika programu za magari na mitambo ambayo ikikosea mtu anaumia. Kanuni yao ya 8.10 inataka kila fankisheni ya `inline` iwe pia `static`. La tatu ni PostgreSQL, hifadhidata iliyohamia C99 kwenye toleo la 12 la 2019. Wao wanasema makro ikiwa na hatari ya kukokotoa hoja yake mara mbili, iache, andika `static inline`. Google wana kipimo chao cha mistari 10, lakini wao wanazungumzia C++, na mistari 10 ni mingi kwa mradi wako. Pita mlangoni pao usiingie.

Sasa sikiliza siri ya wizi huu. Kijana atakayebishana nawe wewe mpaka adhana ya magharibi hatabishana na watu wa Linux. Yeye mwenyewe anatamani siku moja aandike kwenye barua ya kuomba kazi kwamba msimbo wake unafuata kanuni zao. Mpe fahari hiyo bure. Pembeni ya kila sheria andika ilikotoka: hii ya kerneli, hii ya MISRA, hii ya PostgreSQL. Iba wazo, maneno yaandike mwenyewe, na jina la mwenye wazo liweke wazi, maana jina hilo ndilo linalokufanyia kazi.

Kuna kitu kimoja cha kerneli ambacho usikiguse. Hati yao inaanza kwa kumshauri msomaji achapishe kanuni za mtindo za GNU, asizisome, azichome moto. Wao ni maelfu na wako mbali mbali. Ninyi ni wanne na mnakunywa chai kwenye birika moja. Ukichoma cha mwenzako, atakukumbuka.

Hatua ya 2. Jiulize Majengo ni mangapi

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukipanda matatu hapa mjini ukasema "niteremshe Majengo", makanga hakuulizi Majengo gani. Lakini jina hilo si letu peke yetu. Nanyuki kuna Majengo. Meru kuna Majengo. Nairobi kule Pumwani kuna Majengo, na Mombasa pia. Kila mji una Majengo yake, jina ni lile lile, na hakuna abiria anayepotea, kwa sababu kila Majengo inajulikana ndani ya mji wake. Hakuna anayelitafuta jina hilo kwa nchi nzima.

Hiyo ndiyo `static inline`. Unaiandika fankisheni kwenye heda, na kila faili la .c linaloingiza heda hiyo linajenga nakala yake, ya ndani, isiyojulikana nje. Linka, ambayo ndiyo makanga wetu, haina la kuuliza.

Sasa tazama kinachotokea ukiandika `inline` peke yake, bila `static`. Neno hili liliingia rasmi kwenye C mwaka 1999, na kiwango cha mwaka huo kiliamua jambo ambalo wengi hawalitarajii: fankisheni yenye `inline` tupu ni mwili wa kunakiliwa tu. Kompaila inaruhusiwa kuunakili mahali inapoitwa, lakini haijengi nakala ya nje yenye jina. Ukikompaili kwa `-O2`, mwili unanakiliwa, kila kitu kinakwenda, unafurahi. Mwenzako anachukua msimbo ule ule, anaukompaili kwa `-O0` ili atafute hitilafu, kompaila inaamua kutonakili na badala yake inaiita fankisheni kwa jina, na linka inazunguka nchi nzima ikitafuta Majengo ambayo hakuna mji ulioijenga. Inarudi na `undefined reference`. Mwenzako anasema msimbo wako mbovu. Wewe unasema kwako unafanya kazi. Wote wawili mnasema kweli, na huo ndio ubishi mbaya kuliko wote.

Kuna zaidi. Kabla ya C99, GCC ilikuwa na `inline` yake yenyewe, na maana zake zilikuwa kinyume. Huko `inline` tupu ilijenga nakala ya nje katika kila faili, kwa hiyo ukiiweka kwenye heda ulipata miji mitano inayodai hati moja ya kiwanja, na linka ikakataa yote. Na `extern inline`, ambayo leo ndiyo inayojenga nakala ya nje, zamani ndiyo iliyokuwa haijengi. GCC ilifuata maana hiyo ya zamani kama kawaida yake mpaka toleo la 5 la 2015, lilipohamia C11. Kerneli ya Linux yenyewe ilihamia C11 kwenye toleo la 5.18 la 2022, na hata hivyo bado inaiambia kompaila ielewe `inline` kwa maana ya kale. Kwa hiyo mafunzo mengi mtaani yanafundisha sheria iliyopinduka, na mwalimu aliyejifunza 2005 na mwanafunzi aliyejifunza 2020 wanaweza kusahihishana mchana kutwa, kila mmoja akiwa na kitabu mkononi.

Njia ya mkato? `static inline` ina maana moja pande zote mbili za historia hiyo. Iandike, na kila nilichokusimulia hapo juu hakikuhusu tena. Nimekusimulia ili siku ukiulizwa kwa nini, uwe na jibu la kumtosheleza anayeuliza, na umwone akitikisa kichwa kwa heshima.

Gharama ipo, na usiifiche. Kompaila isiponakili mwili, kila faili linabaki na nakala yake kamili, na nakala kumi za fankisheni ndefu ni uzito. Ndiyo maana sheria ya mistari 3 na sheria ya `static` zinatembea pamoja. Fankisheni ya mistari 3 ikirudiwa mara kumi haikuumizi. Ya mistari 40 itakujazia chipu ya ATmega328P, ile ya Arduino Uno, ambayo ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi.

Na mtego mmoja ambao umewahi kuninyima usingizi wa siku mbili, nao ulikuwa wa mkono wangu mwenyewe: usiweke kigezo cha `static` ndani ya fankisheni ya `static inline` iliyo kwenye heda. Nilitaka kuhesabu mara ngapi mizani imesomwa. Nikaweka kihesabio humo. Kila faili likawa na kihesabio chake, na jumla haikutimia hata siku moja, kwa sababu watoto wa Majengo ya Nyeri hawahesabiwi Nanyuki. Liandike hili kwenye mwongozo wako kwa mstari wake peke yake.

Hatua ya 3. Kiburi chao kifanye kazi yako

Kila mwandishi wa programu anaamini fankisheni aliyoiandika jana ndiyo inayopaswa kwenda mbio kuliko zote. Usipigane na imani hiyo. Iwekee mlango, na mlangoni weka kazi ndogo ya kufanya.

Sheria iandike hivi: ndani ya faili la .c, neno `inline` halitumiki, ila kwa vipimo. Anayelitaka alete tarakimu nne. Ukubwa wa programu kabla na baada, aupate kwa amri ya `size`. Muda wa kazi kabla na baada, kwenye kifaa chenyewe si kwenye kompyuta yake ya mezani. Ukubwa ukipanda na muda usipungue, tumemalizana. Muda ukipungua kwa kiasi kinachoonekana, akaribishwe, na tarakimu zake zibaki kwenye maelezo ya badiliko.

Mara nyingi hakuna atakayepima. Watu wanapenda kasi kuliko wanavyopenda kupima kasi. Na yule mmoja atakayepima, huyo amestahili, mpishe kwa furaha. Ukiona sheria inayomshinda mvivu na kumruhusu mchapakazi bila wewe kufungua mdomo, ishike.

Nyuma ya sheria hii kuna ukweli usiohitaji kuupigia kelele. Kiwango cha C chenyewe kinalichukulia `inline` kuwa pendekezo, na kompaila ina haki ya kulisikia au kulipuuza. Ukiwa kwenye `-O0`, GCC hainakili. Ukiwa kwenye `-O1` na kuendelea, fankisheni ya `static` inayoitwa mara moja tu GCC itainakili yenyewe bila kuombwa. Kwa hiyo ndani ya .c neno hilo mara nyingi ni pambo, na siku fankisheni inapopata mwitaji wa pili, pambo linageuka deni ambalo hakuna anayekumbuka kulilipa.

Kwenye heda neno lina kazi ya kweli hata kompaila isiponakili kitu. Fankisheni ya `static` bila `inline`, ikikaa kwenye heda, na maonyo ya kompaila yakiwa yamewashwa, italeta onyo la kutotumika katika kila faili lisiloihitaji. Ukiongeza `inline`, GCC inanyamaza. Mwambie hivyo yule asiyetaka kuliona neno hili kabisa. Atapata sababu ya kulikubali bila kusalimu amri kwa mpinzani wake, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta muda wote.

Kuhusu `__attribute__((always_inline))`, ile amri inayolazimisha kunakili hata kwenye `-O0`: vipimo vile vile, pamoja na sahihi za watu wawili. Usieleze zaidi.

Hatua ya 4. Makro ipeleke kwenye mizani

Mpenda makro ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu ana historia upande wake. C iliishi miaka mingi bila `inline` rasmi, na makro ilifanya kazi hiyo. Usimwambie amepitwa na wakati. Mwombe akusaidie kusoma mistari miwili, kisha nyamaza:

`#define KUBWA(a, b) ((a) > (b) ? (a) : (b))`

`uzito = KUBWA(soma_mizani(), 0);`

Nia ni njema: uzito usiandikwe kamwe chini ya sifuri. Lakini makro si fankisheni, ni kalamu inayonakili maandishi. Hoja ya kwanza imetokea mara mbili, kwa hiyo mizani inasomwa mara mbili. Mara ya kwanza ili kulinganisha na sifuri, mara ya pili ili kuandika. Sasa fikiria gunia la kahawa mbivu linaloning'inia, bado linayumba. Tuseme usomaji wa kwanza ni kilo 41.2 na wa pili ni 40.9. Kilichokaguliwa ni 41.2, kilichoandikwa kwenye daftari la mkulima ni 40.9. Au gunia limeshanyanyuliwa kati ya usomaji mmoja na mwingine, na kilichoandikwa ni namba hasi, ile ile makro iliyoletwa kuizuia.

Hapa kwetu mkulima anaijua kilo yake. Ameibeba mgongoni kutoka shambani, akasimama foleni kwenye kiwanda kwa saa nzima, na gramu 300 kwake si kosa la mtindo. Niliwahi kuona programu ya chama kimoja cha ushirika, sitakitaja, ikiwa na makro ya namna hiyo hiyo, na aliyeiandika alikuwa kijana mwangalifu kuliko mimi. Uangalifu haukumwokoa. Mistari 3 ya `static inline` ingemwokoa, kwa sababu fankisheni hukokotoa hoja yake mara moja, kisha hufanya kazi na jibu.

Mpenda makro akishaona hilo mwenyewe, mwachie uwanja wake. Makro zibaki kwa thamani za kudumu, kwa kuunganisha majina, na kwa kazi ambazo fankisheni haiziwezi. Mwombe yeye ndiye aandike aya hiyo ya mwongozo. Ataiandika kwa ukali kuliko wewe, na ataisimamia kama mali yake.

Hatua ya 5. Nafasi na mabano vikabidhi mashine

Iandikwe `static inline int` au `inline static int`? Fankisheni ya mstari mmoja ikae mstari mmoja au ifunguliwe? Usitoe maoni hata kama unayo. Zana ya ukaguzi ya kerneli, `checkpatch.pl`, inataka `inline` ikae kati ya `static` na aina ya jibu. Chukua hiyo. Mengine yatie kwenye faili la `.clang-format` na uondoke.

Tahadhari moja tu. Kwenye clang-format kuna chaguo la `AllowShortFunctionsOnASingleLine`, na kati ya thamani zake kuna `Inline`. Utadhani limeandikwa kwa ajili yako. Hapana. Linahusu fankisheni zilizoandikwa ndani ya darasa la C++, si neno letu. Kerneli imeweka `None`, nawe weka `None`.

Ukishapanga upya msimbo wote mara moja, kila mstari utaonekana umeandikwa na wewe, na utalaumiwa kwa makosa ya watu wote tangu mradi uanze. Kwepa hivi: orodhesha badiliko hilo kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha ielekeze Git huko kwa `blame.ignoreRevsFile`, iliyokuja na toleo la 2.23 la 2019. Lawama zitarudi kwa wenyewe.

Hatua ya 6. Ukurasa wenyewe

Usizidishe ukurasa mmoja. Mwongozo wa kurasa ishirini husomwa na aliyeuandika, naye hausomi mara mbili. Uweke kwenye mzizi wa mradi, pale jicho linapoanguka kwanza, si ndani ya folda ya tatu. Wangu unakaribia kuwa hivi, chukua:

Fankisheni ya `inline` hukaa kwenye heda na huandikwa `static inline`, kwa mpangilio huo (MISRA, kerneli).

Haizidi mistari 3. Ikizidi, ihamie kwenye .c (kerneli).

Haina kigezo cha `static` ndani yake. Kila faili lingekuwa na chake.

Ndani ya .c hakuna `inline` bila tarakimu nne: ukubwa na muda, kabla na baada.

Makro isitumie hoja yake mara mbili. Ikilazimika kufanya hivyo, igeuze kuwa fankisheni (PostgreSQL).

Mpangilio wa nafasi na mabano huamuliwa na clang-format. Hakuna anayejadili.

Mistari sita. Mingi ina sababu yake au jina la mwenye wazo, kwa sababu sheria isiyo na sababu huvunjwa na mtu mwerevu, na timu yako imejaa watu werevu. Uandike kwa lugha mnayogombania. Kama ubishi wenu huwa wa Kiswahili, sheria ya Kiingereza itasomwa kama masharti ya benki.

Hatua ya 7. Shindwa vizuri

Utashindwa mahali. Panga mapema ni wapi.

Mimi huingia kikaoni nikiwa na mambo mawili ya kupoteza na moja la kushika. Kipimo cha mistari naweza kukipoteza. Wakitaka 5 badala ya 3, nakunja uso kidogo, nafikiri, nakubali. Mpangilio wa mabano naupoteza kwa moyo mweupe. Wenzangu wanatoka wakijua wamenishinda mara mbili, na mtu aliyeshinda mara mbili ana ukarimu wa kutosha kwa la tatu. La tatu ni `static`. Hilo silitoi. Mistari 5 itakugharimu baiti chache. Kukosa `static` kutakugharimu usiku mzima siku ya kukabidhi mizani, kompyuta moja ikikubali na nyingine ikikataa, na mkulima wa kwanza ameshafika na gunia lake.

Ukija kuvunja sheria yako mwenyewe, na utaivunja, usiitetee. Rekebisha siku hiyo hiyo, kwa badiliko dogo la peke yake, na kwenye maelezo andika namba ya mstari wa mwongozo ulioukiuka. Wenzako wataona kwamba mstari una nguvu hata kwa mwenyewe. Badiliko hilo halitakuchukua dakika tano.

Na yule wa imani mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni? Mpe kazi ya kukagua. Kila heda inayoingia, aipitie na ule ukurasa mkononi. Ndiye pekee ambaye hana upande, na jioni akibadili mawazo, mistari sita itakuwa pale pale mezani, karibu na birika.